Akiba Haiozi: Mlinda Lango wa Pili katika Kumbukumbu za Mashabiki wa Kitale na Bungoma

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumzwa habari za nafaka ghalani au fedha benkini; ni nadra kuisikia ikitumiwa kumhusu binadamu. Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kimekwisha kumtia binadamu mmoja ndani ya neno hilo. Katika kandanda, yule ambaye hakuteuliwa kuanza mchezo huitwa mchezaji wa akiba, na miongoni mwa wachezaji wa akiba hakuna anayekaa ghalani muda mrefu kumshinda mlinda lango wa pili. Huvaa jezi, hufanya mazoezi kila siku, husafiri na timu, kisha huketi. Mchezo ukimalizika bila yeye kuingia, jina lake husalia katika orodha ya refa, na orodha hiyo haisomwi na mtu.

La kustaajabisha ni kwamba mashabiki humkumbuka. Mjini Kitale na mjini Bungoma, kama ilivyo kwingineko magharibi mwa Kenya, mazungumzo ya kandanda ya zamani yakikolea huwafikia wafungaji mabao kwanza, kisha makocha, kisha marefa waliolaumiwa. Lakini wazee wakikaa zaidi, yupo ambaye hatimaye hutajwa kwa sauti ya upole: yule kipa wa pili. Husimuliwa alivyokuwa akimrushia mwenzake mipira kabla ya mchezo, alivyopiga kelele kando ya uwanja hadi sauti ikamkauka, na ile siku moja alipoitwa kuingia.

Makala haya yanashikilia kwamba kumbukumbu za aina hiyo ni fasihi simulizi kamili. Zinastahili kukusanywa na kuchunguzwa na wanafunzi wa Kiswahili kwa uzito uleule unaopewa ngano, vitendawili na nyimbo za jando. Yanashikilia pia kwamba kazi hiyo haina budi kufanywa sasa, maana wenye kuzijua wanazidi kupungua.

Lango halina wawili

Ili kuielewa hali ya mlinda lango wa pili, sharti kwanza kuitazama sheria ya mchezo. Kiungo wa akiba anaweza kuingia mahali pa kiungo, pa mlinzi au hata pa mshambulizi. Kocha akitaka mabao humwongeza mshambulizi. Akitaka kuyalinda humwongeza mlinzi. Lango, kinyume chake, halina wawili. Aliye langoni hubaki humo hadi aumie, aonyeshwe kadi nyekundu, au aboronge kiasi cha kumchosha kocha.

Historia ya mchezo inaidhihirisha hali hii. Kubadilisha wachezaji kuliruhusiwa kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia mwaka 1970, na wakati huo timu iliruhusiwa kubadilisha wawili tu. Idadi hiyo ilikuja kuongezwa hadi watatu, na tangu 2020, wakati wa janga la korona, ikawa watano. Nafasi za viungo na washambulizi wa akiba zimeongezeka kila sheria ilipolegezwa. Nafasi ya mlinda lango wa akiba imesalia ileile. Milango yote ya ghala imefunguliwa ila wake.

Mfano ulio karibu ni Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 nchini Misri. Harambee Stars ilikwenda na walinda lango watatu: Patrick Matasi, Farouk Shikalo na John Oyemba. Kenya ilicheza mechi tatu, ikashindwa na Algeria, ikaifunga Tanzania mabao matatu kwa mawili, kisha ikashindwa na Senegal. Matasi alilinda lango katika mechi zote tatu, na katika ile ya mwisho alipangua penalti ya Sadio Mané, jambo ambalo Wakenya wengi hawajalisahau. Shikalo na Oyemba walirudi nyumbani bila kucheza hata dakika moja. Hawakukosea lolote. Kazi yao ilikuwa kuwa tayari, na utayari hauna takwimu.

Mara chache mno mlango hufunguka. Tarehe 5 Julai 2014, katika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Brazil, kocha wa Uholanzi alimwingiza Tim Krul dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza ili akabiliane na penalti za Costa Rica. Krul alipangua mbili, Uholanzi ikasonga mbele, naye akarudi kwenye benchi. Barani Afrika uko mfano mzito zaidi. Tarehe 8 Februari 2015, mjini Bata nchini Guinea ya Ikweta, Côte d'Ivoire ilicheza fainali ya bara dhidi ya Ghana. Mlinda lango wa kwanza, Sylvain Gbohouo, alikuwa ameumia, ikabidi lango akabidhiwe Boubacar Barry, aliyekuwa akiba katika mashindano hayo. Baada ya sare tasa timu zilipigiana penalti hadi zamu ikawafikia walinda lango wenyewe. Barry alipangua mkwaju wa mwenzake wa Ghana, kisha akaupiga wake na kufunga. Mataji hayo yaliamuliwa kwa mabao tisa kwa manane, na aliyeyaamua ni mtu wa ghalani.

Hadithi za Krul na Barry hazimhitaji mwanafunzi wa Kiswahili ili ziishi. Kamera zilikuwapo, magazeti ya dunia yaliandika, na picha zake zitaonekana kwa miaka mingi ijayo. Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: je, yule aliyefanya jambo kama hilo katika uwanja wa nyasi haba mjini Kitale au Bungoma, pasipo kamera wala mwandishi, amehifadhiwa wapi? Jibu ni moja. Amehifadhiwa vinywani.

Viwanja visivyo na majukwaa marefu

Eneo linalozungumziwa hapa si geni kwa kandanda. Mjini Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilikuwa na timu yake iliyocheza katika ligi ya taifa. Kiwanda cha sukari cha Nzoia nacho kilikuwa na yake, nayo imejulikana kwa mechi zake katika uwanja wa Sudi. Huko Kanduyi pana uwanja unaobeba jina la Masinde Muliro, ule ulioandaa sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka 2024. Mjini Kitale upo uwanja wa Kenyatta, na ipo shule ya wavulana ya St. Anthony's, ambayo jina lake la Solidarity linatajwa popote panapotajwa michezo ya shule za sekondari. Kaunti hiyo ya Trans Nzoia ndiyo nyumbani kwa shule ya wasichana ya Wiyeta, mojawapo ya ngome za soka ya wasichana nchini, na kwa timu ya wanawake ya Trans Nzoia Falcons. Juu ya hizo zote limetanda jina la AFC Leopards, klabu iliyoundwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya na ambayo mashabiki wake hawahesabiki katika miji hii.

Mazingira ya viwanja vingi vya mashinani ndiyo yanayomzaa mlinda lango wa pili kama mhusika wa simulizi. Katika uwanja mkubwa wa jijini, shabiki hukaa mbali, na benchi huonekana kama mstari wa rangi tu. Katika uwanja wa mashinani, shabiki husimama kando ya chokaa. Aliye karibu naye zaidi si mfungaji mabao anayekimbia upande wa pili, bali mchezaji wa akiba anayepasha misuli moto hatua tatu mbele yake. Shabiki humsikia akiwaonya walinzi. Humwona akikimbilia chupa ya maji ya mwenzake. Humtania, naye humjibu. Kwa dakika tisini, yule asiyecheza ndiye anayezungumza na watu.

Hii ndiyo sababu kumbukumbu ya mlinda lango wa pili ina harufu ya ujirani. Mashabiki humkumbuka mfungaji bao kama wanavyokumbuka radi, lakini mlinda lango wa pili humkumbuka kama anavyokumbukwa jirani aliyehama.

Isisahaulike pia kwamba ubora wa wa kwanza ndio kifungo cha wa pili. Kenya ilipotwaa Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, mwaka 1981, 1982 na 1983, lango lake lilijulikana kwa jina la Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa aliyeichezea AFC Leopards na kubandikwa lakabu ya Kenya One. Lakabu hiyo yenyewe ni hukumu kwa waliomfuata. Palipo na wa kwanza aliyetukuka hivyo, pana wa pili na wa tatu waliofanya mazoezi yaleyale, wakala chakula kilekile, na hawakupewa lakabu. Historia iliyoandikwa imemtunza wa kwanza. Ni haki yake. Lakini si haki kwamba historia iishie hapo.

Simulizi na muundo wake

Atakayepinga kwamba mazungumzo ya mashabiki ni fasihi na ayachunguze muundo wake. Kwanza, yana fanani na hadhira. Mmoja hushika usukani wa kusimulia, na wengine humkatiza, humsahihisha, humchochea. Pili, yana fomula. Msimulizi huanza kwa kuitaja hali ya hewa na hali ya uwanja, hutaja idadi ya dakika zilizosalia, kisha hueleza jinsi mlinda lango wa kwanza alivyoanguka na kutoinuka. Kuingia kwa wa pili huelezwa polepole, kana kwamba msimulizi hataki kufika: glavu zinavaliwa, jezi inaingizwa ndani ya bukta, watu wanaguna. Tatu, yana taharuki, kwa kuwa hadhira inajua kwamba aliyeingia hajagusa mpira wa ushindani kwa miezi mingi. Nne, yana chuku. Mkwaju wa kawaida hugeuka kuwa kombora, na umbali wa lango huongezeka kila mwaka.

Aidha, simulizi hizi hutofautiana kutoka kwa fanani hadi fanani. Yule wa Kitale atasema mpira ulipanguliwa kwa mkono wa kushoto. Wa Bungoma ataapa kwamba ni kwa goti. Mwanahistoria huenda akakereka. Mwanafasihi hana sababu ya kukereka, kwani kubadilikabadilika ndiyo sifa ya kwanza anayofundishwa kuhusu fasihi simulizi. Kila fanani huchagua kiungo cha mwili kulingana na anachotaka kusema: aliyetaja mkono anasifu ustadi, aliyetaja goti anasifu bahati. Tofauti hiyo ni mada nzima ya tasnifu.

Jamii ya Wabukusu, walio wengi Bungoma na wasio wachache Kitale, ina utanzu mkongwe wa kukumbuka unaoitwa kumuse. Baada ya maziko ya mzee mwenye heshima, mweledi wa utanzu huo husimama mbele ya umati akisimulia historia ya jamii, koo zake na maadili yake. Kumuse haifanywi kwa kila mtu, na mlinda lango wa pili wa timu ya kiwanda hatarajii kuupata. Hata hivyo, upo ufanano wa kutafakariwa. Katika kumuse, marehemu hasimuliwi peke yake. Hutajwa walio nyuma yake na walio kando yake, ili waliobaki wajue walikotoka. Shabiki anapomtaja kipa wa pili, anafanya tendo la jamii hiyohiyo. Anakataa kwamba timu ilikuwa watu kumi na mmoja tu.

Anayesimuliwa na anayesimulia

Nchini Marekani upo mchezo wa besiboli, ambao msomaji wa Afrika Mashariki huenda hajauona ila kwenye filamu. Katika mchezo huo yupo mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiidaka mipira inayorushwa kwa kasi kubwa. Kazi hiyo huumiza magoti na vidole, na kwa sababu hiyo kila timu huwa na mdakaji wa akiba. Hali yake hukaribiana sana na ya mlinda lango wa pili. Mmoja wao, Bob Uecker, alicheza kuanzia 1962 hadi 1967 na hakuwahi kuwa nyota. Takwimu zake za kupiga mpira zilikuwa za chini. Lakini tangu 1971 alikuwa mtangazaji wa redio wa timu ya mji wa Milwaukee, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 50. Alijitania mwenyewe hewani kuhusu udhaifu wake uwanjani, na mashabiki wakampenda kupita nyota wengi. Alipofariki Januari 2025, aliliwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona akicheza.

Funzo lake ni wazi. Uecker alihifadhiwa kwa sababu alipewa kipaza sauti. Kenya nayo ilikuwa na sauti ya aina yake. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliwafanya wasikilizaji wa Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, waione mechi ambayo macho yao hayakuifikia. Kupitia kwake na wenzake, Kiswahili kilijipatia msamiati wa mpira uliozagaa hadi vijiji visivyokuwa na umeme. Lakini mtangazaji hufuata mpira, na mpira haufiki kwenye benchi. Msamiati wa shuti, kona na penalti ukawa tajiri, huku msamiati wa kungoja ukabaki mikononi mwa mashabiki. Wao ndio waliobuni namna za kumtaja anayeketi, anayepasha misuli moto bure, anayevua glavu bila kuzichafua. Maneno hayo hayamo katika kamusi. Yanatamkwa, na yanatoweka.

Mvumilivu na mbivu zake

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa methali wangefaidika nalo. Mtu akitaka kumfariji mlinda lango wa pili humwambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni maneno mazuri, lakini maisha ya mlinda lango wa pili hayayathibitishi. Barry alikula mbivu mjini Bata. Walio wengi hawakula. Walingoja msimu, wakangoja wa pili, kisha wakaachwa, au timu ikavunjika, au magoti yakachoka. Laiti kumbukumbu za mashabiki zingefuata methali hiyo, wangekumbukwa wale tu waliopata ile siku moja.

Sivyo ilivyo. Wanakumbukwa pia wasioipata. Shabiki husimulia kwa huzuni na kwa kicheko habari za kipa aliyepasha misuli moto mwaka mzima na asiingie, na simulizi hiyo haipungukiwi na ladha kwa kukosa kilele. Kwa hakika ladha yake imo katika kukosa huko. Msikilizaji aliyengojea kazi, aliyengojea karo, aliyengojea barua ya mwajiri, hujiona humo. Ndiyo maana methali inayofaa zaidi ni ile ya akiba. Mvumilivu hula mbivu ni ahadi kuhusu malipo. Akiba haiozi ni kauli kuhusu thamani: kilichowekwa hakikuharibika kwa kuwa hakikutumiwa. Mashabiki wa Kitale na Bungoma, bila kufunzwa na mhadhiri yeyote, wameuona ukweli huo wa pili.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba idara za Kiswahili zina kazi nzito zaidi kuliko porojo za mpira. Hoja hiyo haina mashiko. Ngano ya sungura na fisi nayo ilikuwa porojo ya jioni kabla ya kuingia silabasi. Utanzu hauwi wa maana kwa sababu umeandikwa kitabuni. Huandikwa kitabuni kwa sababu watu waliuona una maana.

Wengine watasema kwamba mashabiki hawazungumzi Kiswahili sanifu. Wanachanganya Kibukusu, Kisabaoti, Sheng na Kiingereza. Ni kweli, na ni faida. Trans Nzoia ni kaunti ya watu wa asili nyingi, na Bungoma haiko mbali na hali hiyo. Kiswahili chao ni kile kinachotumika watu wa lugha mbalimbali wanapotaka kucheka pamoja. Anayekusanya simulizi anapaswa kuyaandika yaliyosemwa jinsi yalivyosemwa, bila kuyanyoosha.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kumbukumbu hudanganya. Kwa kuwa makala haya yamekwisha kukiri kuwapo kwa chuku, hayawezi kulipuuza. Mkusanyaji asichukue simulizi kuwa ushahidi wa matokeo ya mechi. Tarehe na mabao yathibitishwe katika magazeti ya zamani, Taifa Leo likiwemo. Lakini simulizi ni ushahidi thabiti wa jambo jingine: ni nani aliyependwa, na kwa nini. Hakuna gazeti linaloweza kulithibitisha hilo.

Kwa nini sasa

Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009. Kufungwa kwake kuliwapokonya watu kazi, na pamoja na kazi mji ukapoteza mahali ambapo wafanyakazi wa kabila mbalimbali walikuwa wakikutana kila siku na kushangilia jezi moja. Kiwanda kinapofungwa, mashine huweza kuuzwa na majengo huweza kukarabatiwa. Kumbukumbu za waliosimama kando ya uwanja hutawanyika pamoja nao mashambani, na huzikwa nao mmoja baada ya mwingine. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1985 amekwisha kupita sitini.

Kuna sababu nyingine, nayo isitajwe kwa wepesi. Maeneo ya Trans Nzoia na Mlima Elgon yalipitia mapigano ya kikabila miaka ya mwanzo ya 1990, na yakaumia tena wakati wa ghasia za 2007 na 2008. Katika maeneo kama hayo, kumbukumbu nyingi za pamoja zina upande: zina waliokosewa na waliokosea. Kumbukumbu ya mlinda lango wa pili haina upande wa namna hiyo. Haijamnyang'anya mtu shamba. Watu wawili ambao hawawezi kukubaliana kuhusu mwaka 1992 wanaweza kukubaliana, au angaa kubishana kwa kicheko, kuhusu mkono wa kushoto na goti. Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba simulizi za mpira zitaleta amani. Inatosha kusema kwamba ni mojawapo ya mambo machache ambayo majirani hao wanayakumbuka pamoja, na kwamba wanayakumbuka kwa Kiswahili.

Isitoshe, wasichana wamo hatarini zaidi. Mwaka 2024 timu ya wasichana wasiozidi miaka 17, Junior Starlets, ilikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kucheza katika Kombe la Dunia, huko Jamhuri ya Dominika. Soka ya wasichana imelelewa kwa miaka mingi na shule kama Wiyeta, wakati ambapo magazeti hayakuipa nafasi hata wafungaji wake mabao. Ikiwa mfungaji hakuandikwa, msichana aliyekuwa mlinda lango wa pili ataandikwa na nani?

Funzo la vipepeo

Mjini Kitale yapo makumbusho ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuyatembelea. Asili yake ni hazina ya mlowezi mmoja, Stoneham, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji. Majirani zake wangeweza kumwona mtu wa ajabu, kumkimbilia kipepeo na wavu. Alipofariki aliuachia umma hazina hiyo, na mwaka 1974 makumbusho ya sasa yakafunguliwa. Ambaye angepuuza kipepeo mmoja leo hawezi kuyapuuza maelfu yaliyopangwa kwa majina na tarehe.

Wanafunzi wa Kiswahili hawahitaji wavu. Simu iliyomo mfukoni inarekodi sauti. Kila mwanafunzi anayetoka Bungoma, Kitale, Webuye, Kimilili au Chwele akirudi na simulizi tatu wakati wa likizo, chama kitakuwa na mamia ndani ya miaka michache. Masharti yake si magumu. Msimulizi aombwe idhini na aelezwe matumizi ya sauti yake. Yaandikwe mahali, tarehe, umri wake na lugha alizozichanganya. Mlinda lango aliye hai asitangazwe jina bila ridhaa yake, kwani si kila mtu hufurahi kukumbushwa benchi. Maneno mapya yaorodheshwe kando. Nakala zihifadhiwe idarani, wala si katika simu ya mtu mmoja itakayopotea matatuni.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. Mwanafunzi akileta pendekezo la utafiti kuhusu simulizi za mashabiki asicheke mtu. Aulizwe maswali yaleyale anayoulizwa mwenzake aliyeleta ngano: fanani ni nani, hadhira ni ipi, muktadha ni upi, tofauti zinatokana na nini. Akiyajibu, apewe msimamizi.

Mlinda lango wa pili hakudai kukumbukwa. Aliketi pale alipoambiwa aketi, na glavu zake zikawa tayari. Mashabiki wa Kitale na Bungoma wamemtunza kwa miaka mingi bila malipo na bila karatasi. Wanaojiita wanafunzi wa lugha waliyotumia kumtunza wana deni la kwenda kuwasikiliza, nao waanze na likizo hii inayokuja.